Simu Ilivuka Mpaka, Mwenyewe Nimelala

Kengele ya simu iliita saa kumi kamili alfajiri, kama nilivyoipanga. Nikaoga bila haraka, nikafunga begi, nikashuka ngazi za gesti nikijua nitawahi hata chai ya rangi kabla ya basi la saa kumi na moja. Dada wa mapokezi akanitazama kama aliyeona msukule. "Kaka, basi lako si limeshaondoka?" Nikamwonyesha simu. Akacheka, akageuza ya kwake nione: saa kumi na moja na dakika ishirini. "Simu yako imelala Nakonde," akasema. "Wageni wengi inawakuta hapa."

Hapo ni Tunduma. Nakonde iko upande wa Zambia, mwendo wa kutembea kwa miguu, na saa za Zambia ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Usiku ule mnara wa kule ulikuwa na nguvu kuliko wa kwetu, simu ikaufuata na kujirekebisha saa yenyewe. Nauli ya basi la pili niliimeza. Kilichonikaa kooni ni salio. Nilikuwa na bando la wiki ambalo hata nusu sijalifikisha, na pembeni nilikuwa nimeweka vocha ya shilingi elfu ishirini kwa dharura. Asubuhi bando lilikuwepo vilevile, elfu ishirini haipo. Simu ilikuwa imekesha ikipakia picha za harusi ya binamu yangu kwenye hifadhi ya mtandaoni kwa bei ya romingi, yaani ya kutumia laini yako kwenye mtandao wa nchi nyingine, kwa kuwa mwezi mmoja nyuma, safarini Nairobi, niliwasha romingi ya data na nikasahau kuizima. Kosa langu, sikatai. Lakini mimi sikutoka Tanzania. Pasipoti ilikuwa ndani ya begi, haikugongwa muhuri na mtu yeyote.

Elfu ishirini ile ilinunua nini hasa?

Simu inaposhika mnara wa kampuni ya kigeni, kampuni hiyo husoma namba iliyomo ndani ya laini, ikagundua ni ya Tanzania, ikaiuliza kampuni ya nyumbani: huyu ni wako, ana ruhusa? Jibu hurudi ndani ya sekunde chache, nawe unapata ile meseji ya kukukaribisha. Kuanzia hapo kila dakika na kila MB huandikwa kwenye faili la mahesabu, faili likatumwa nyumbani, na kampuni yako ikamlipa mwenyeji bei ya jumla waliyokubaliana. Kampuni nyingi huandikiana mahesabu hayo kwa SDR, fedha ya kihesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) ambayo hakuna mwanadamu aliyewahi kuitia mfukoni. Juu ya bei hiyo kampuni yako huweka faida yake, serikali nayo ikaweka kodi.

Mnara wenyewe hautofautishi mgeni na mwenyeji. Ule wa Nakonde ulitumia umeme uleule na mawimbi yaleyale yaliyomhudumia Mzambia aliyelala upande wa pili wa barabara, ambaye MB zake alizinunua kwa bei ya kawaida ya pale. Kuna gharama za ziada, sitajifanya hazipo. Lazima kampuni mbili ziunganishe mitambo, zihakikiane wateja, zijilinde dhidi ya matapeli wanaoiba laini na kuzitumia nje ya nchi kabla mwenye laini hajashtuka. Lazima pia salio la mteja wa vocha lisomwe papo hapo, ingawa mtambo wake uko nchi nyingine. Hayo yote yana bei. Ila hakuna hata moja kati yake linaloeleza kwa nini kilichouzwa kwa mamia ya shilingi jioni kiuzwe kwa maelfu usiku wa manane kwa mtu yuleyule, kwenye kitanda kilekile.

Zipo gharama nyingine zinazotokana na njia ambayo mawasiliano hupitishwa, na hapa mambo yanachekesha. Chukua wafanyabiashara wawili wa Kariakoo walioko Deira, Dubai, kila mmoja na laini yake ya nyumbani. Mmoja amesimama kwenye duka la manukato, mwenzake yuko mtaa wa pili akipima vitambaa. Akimpigia, simu hiyo kwa kawaida huenda Tanzania kwanza, kwa sababu namba inayopigwa ni ya Tanzania na kampuni ya nyumbani ndiyo inayojua mwenye namba yuko wapi. Kisha hurudi tena Dubai kumtafuta. Mpigaji analipa romingi ya kupiga, mpokeaji analipa romingi ya kupokea. Sauti imevuka bahari mara mbili ili kusema "Niko hapa kona, toka nje utaniona." Wangepungiana mikono wangeokoa dola kadhaa.

Data nayo, kwa sehemu kubwa, hurudishwa nyumbani kwanza ndipo iingie kwenye intaneti. Kwa hili kuna kundi la watu wetu wanaonufaika. Wanaokwenda Guangzhou kufuata mizigo wanajua kwamba laini ya China haikufungulii WhatsApp wala Google bila ujanja wa pembeni. Mwenye romingi ya laini yake ya nyumbani hufungua kila kitu, maana data yake inatokea Afrika. Mtu wa namna hiyo analipa ghali akijua analipia nini: mlango ambao wenyeji wamefungiwa. Simlilii, na yeye halalamiki. Ninayemzungumzia ni yule anayelipia mlango ambao ungepaswa kuwa wazi.

Bei ya romingi inabaki juu kwa sababu anayeilipa hayupo pale inapopangwa. Hakuna anayenunua laini akiuliza bei ya MB moja Lusaka au Muscat. Tunauliza bando la wiki ni bei gani, mtandao unashika kijijini kwa bibi, na fedha za simu zinatolewa kwa makato kiasi gani. Kampuni inayoshusha bei ya romingi haivuti mteja mpya hata mmoja, kwa hiyo hakuna inayohangaika. Na kwenye meza ya bei ya jumla wanakaa watu wawili ambao kila mmoja ni muuzaji wa mwenzake: nitoze ghali kwa wateja wangu waliokuja kwako, nami nitakutoza ghali kwa wako. Wakimaliza kufuta madeni wanayodaiana, kinachopita mkononi hakiwaumizi sana. Msafiri ndiye anayeletewa bili.

Dawa ilishawahi kupatikana, tena hapahapa kwetu. Septemba 2006 kampuni ya Celtel, iliyoanzishwa na Mo Ibrahim, Msudani, mwaka 1998 na wakati huo tayari ikiwa imeuzwa kwa Wakuwaiti, ilizindua huduma ya One Network kwa wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania. Ukivuka mpaka unapokea simu bure, unapiga kwa bei ya wenyeji, na salio likiisha unakwangua vocha ya nchi uliyopo. Ulaya wakati huo walikuwa bado wanabishana. Sisi tuliokuwa tukipanda mabasi ya Nairobi tulianza kuivuka Namanga bila kuzima simu, na washindani nao hawakukaa kimya: Safaricom na washirika wake wa nchi jirani wakajibu kwa huduma waliyoiita Kama Kawaida. Jina zuri kuliko yote yaliyowahi kubuniwa kwenye biashara hii, na ndilo hasa analolitaka msafiri.

Celtel iliweza kwa sababu ilikaa viti vyote vya ile meza. Kampuni ya Kenya ikiidai kampuni ya Tanzania, mwenye mali ni yuleyule. Kudaiana kwenyewe kulikuwa kuhamisha fedha kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Mitambo haikubadilika, hakuna setilaiti mpya iliyorushwa. Kilichobadilika ni mtu wa kudaiana naye, na bei ikaporomoka.

Halafu ikapanda tena. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ya Afrika ikanunuliwa na Airtel mwaka 2010, lakini kubadilika kwa majina siyo kisa. Kisa ni kwamba serikali za ukanda huu ziliigundua simu inayoingia kutoka nje kama chanzo cha mapato. Ni rahisi kuona kwa nini. Anayelipa yuko nchi nyingine, hapigi kura kwako, na fedha inaingia kwa dola. Kwetu Tanzania mwaka 2013 ulisimikwa mtambo wa kuhesabu na kufuatilia mawasiliano, TTMS, na simu za kimataifa zinazoingia zikawa na bei ya chini ambayo kampuni haziruhusiwi kuteremka, serikali ikiwa na fungu lake. Kupambana na walanguzi wa simu za kimataifa, wale waliokuwa wakizipitisha kwenye laini za kawaida ili zionekane za ndani, ilikuwa sababu ya haki kabisa. Ila ukishaweka sakafu ya bei kwa simu inayotoka nje, na Kenya ukaihesabu kuwa nje sawa na Kanada, umeua kupokea bure. Huwezi kumpelekea mteja wako simu bure ugenini ikiwa kuifikisha huko kunatozwa ada kwa kila dakika.

Ndiyo maana makubaliano ya mwaka 2014 hayakuanza na kampuni. Yalianza na marais. Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini, chini ya mpango wao wa Ushoroba wa Kaskazini, walikubaliana kuunda eneo moja la mtandao. Ada za ziada kwa simu zinazopigwa baina yao ziondolewe, simu hizo zihesabiwe kama za ndani ya ukanda. Bei ya jumla isizidi senti 7 za dola kwa dakika, mteja asitozwe zaidi ya senti 10, na kupokea ukiwa nchi mwanachama kuwe bure. Kenya na Rwanda zilianza Oktoba 2014, wengine wakafuata. Kwa mtu wa Nairobi mwenye ndugu Kigali, simu ilishuka hadi shilingi 10 za Kenya kwa dakika, bei ambayo mtu anaweza kupiga kusalimia tu, bila kuwa na msiba wala harusi ya kutangaza.

Tanzania haikuwa pale mwanzoni, Burundi pia. Hicho kilikuwa kipindi cha "walio tayari", yaani nchi zilizotangulia bila kuwasubiri wengine, wenzetu wakivuka mipaka kwa vitambulisho vya taifa, sisi tukisema mambo yaende kwa utaratibu wa Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki. Hoja ya utaratibu ninaielewa, na mara nyingine imetuokoa. Lakini kwenye simu ilikuwa na gharama ambayo haikuandikwa kwenye bajeti yoyote: ilitozwa kidogo kidogo kwa mama anayeuza vitunguu Sirari, kwa dereva wa noah wa Namanga, kwa mwanafunzi wa Kitanzania aliyeko Makerere na mama yake aliyekuwa akimpigia. Mapato ya ada yaliingia hazina na yanaonekana. Simu zisizopigwa hazina kitabu cha mahesabu.

Wapo watakaosema soko liachwe, bei zitashuka zenyewe. Kwa hao nina mfano wa Uingereza. Umoja wa Ulaya ulianza kuzibana kampuni mwaka 2007, kwa kuweka kikomo cha senti 49 za euro kwa dakika ya kupiga na 24 ya kupokea, bila kodi. Ukaendelea kukaza mwaka hadi mwaka, na tarehe 15 Juni 2017 ada ya romingi ikafutwa kwa msafiri wa kawaida: Mjerumani akiwa Lisbon anatumia bando lake la nyumbani. Siri iko kwenye bei ya jumla, ambayo nayo iliwekewa ukomo. GB moja ilikuwa euro 7.70 mwaka 2017, na sheria inaishusha hadi euro 1 ifikapo 2027. Sheria yenyewe imeongezwa muda hadi 2032. Waingereza walikuwa ndani ya neema hiyo. Wakajitoa. Mwaka 2022, sheria ya Ulaya ikiwa haiwashiki tena, kampuni kubwa kama EE, Vodafone na Three zilianza kuwatoza wateja wao wapya kiasi cha pauni 2 kwa siku kwenda Ulaya. Minara ilikuwa ileile, nyaya za chini ya bahari zilezile, kampuni zilezile ambazo miaka mitano mfululizo ziliweza kutoa huduma hiyo bila ada. Kampuni moja kubwa, O2, haikurudisha ada hizo, na haikufilisika. Sijui ushahidi gani zaidi unahitajika kuonyesha kwamba bei hii inapangwa na yule anayeachiwa kuipanga.

Lakini hata tukiyatekeleza makubaliano ya 2014 neno kwa neno, tutakuwa tumetibu ugonjwa wa juzi. Yalijengwa juu ya sauti. Nani anapiga simu ya kawaida akiwa safarini siku hizi? Tunatuma sauti WhatsApp, tunafungua ramani, tunaita teksi kwa programu, tunamwonyesha mteja picha ya mzigo. Senti 10 za dakika hazinisaidii kitu pale simu inapokesha ikipakia harusi ya binamu. Kinachohitajika sasa ni ukomo wa bei ya jumla ya GB ndani ya Afrika Mashariki, halafu mkato wa lazima. Huu wa mwisho Wazungu waliuweka zamani: matumizi ya data ugenini yakifika euro 50, huduma inakatwa hadi mteja mwenyewe aseme iendelee. Weka hapa shilingi elfu tano, mimi nimepona. Na mipakani, ambako simu inavuka na mwenyewe hajavuka, kampuni iwajibike kuuliza kwanza, kwa Kiswahili, siyo kwa ile meseji ya kimombo yenye nyota na vigezo.

Kuna sababu inayonifanya nihofie kwamba haya hayatatokea haraka, nayo ni eSIM, laini isiyo na kadi ya kuchomeka, inayopakuliwa mtandaoni moja kwa moja kwenye simu. (Kuna aliyenishauri niiandike "isimu". Nimekataa, isimu tunayo tayari, iko vyuo vikuu.) Mwenye simu ya kisasa hununua kifurushi cha nchi anayokwenda kabla hajapanda ndege, akatua akiwa na GB zake, na laini ya nyumbani akaibakiza kwa kazi moja: kupokea meseji za benki. Amesahau kama romingi ilikuwa tatizo. Na watu hao ndio wenye sauti: waandishi, mawakili, wabunge, maofisa wanaosafiri kwenda kwenye mikutano ya kujadili gharama za mawasiliano. Wao wakishatoka kwenye foleni, wanaobaki ni wenye simu zisizopokea eSIM, na hao hawana mtu wa kuwasemea.

Kununua laini ya ugenini kila ufikapo nako si rahisi kama inavyosemwa. Siku hizi laini husajiliwa, kwingi kwa pasipoti na alama za vidole. Msafiri wa siku mbili anamaliza nusu siku kwenye foleni. Na laini ya nyumbani huwezi kuichomoa ukaiweka kabatini. Ndiyo pochi. Ada ya mtoto inalipwa humo, mke anatumiwa humo, benki inatuma namba ya siri humo. Zamani msafiri aliyebadili laini alipoteza simu za wiki moja. Leo anapoteza fedha zake zote hadi arudi. Kampuni zinalijua hilo vizuri.

Siku ile Tunduma, nikisubiri basi la pili, nilikaa kwenye benchi la mama ntilie na dereva wa lori aliyekuwa na mzigo wa Lubumbashi. Alikuwa siku ya tatu kwenye foleni ya mpaka. Mezani alikuwa na kitochi, kile cha vibonyezo, chenye laini ya Tanzania. Hicho tajiri humpigia, na fedha ya mafuta huingia humo. Hakina data, kwa hiyo hakiwezi kumwibia usiku. Simu kubwa ilikuwa na laini ya Zambia ingawa bado tuko Tanzania, maana alisema ya kwetu pale stendi inapotea na kurudi. Akafungua kava kunionyesha ya tatu, ya Kongo, imebandikwa kwa selotepu, namba yake imeandikwa juu kwa kalamu ya wino. Nikamuuliza ikiwa simu ya nyumbani, ya dharura, inamfikia Lubumbashi.

"Kwenye kitochi inaita," akasema. "Naangalia nani, nakata. Wife anajua. Nikikata mara mbili, mimi mzima. Nisipokata, ndiyo aanze kulia."